Kona za historia: jibu kwa kijana wa boda wa Busia na pampleti yake ya majina 64

Kijana mmoja wa Busia ameniandikia. Mchana yuko steji na boda, usiku anasoma, anarudia S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kama mtahiniwa binafsi baada ya kukaa nje ya shule miaka minne. Swali lake lilikuwa refu, nalikata hivi: ana pampleti ya historia ya dunia aliyoinunua Nasser Road alipoenda Kampala, ina majina 64 na tarehe zaidi ya 200, anakariri leo kesho zote zimeyeyuka, Bismarck anamchanganya na Metternich, mapinduzi ya Urusi hajui ni ya Februari au ya Machi, sasa atajuaje nani alikuwa muhimu kweli na tukio gani ndilo liligeuza dunia, na mbona Waafrika wako ukurasa wa mwisho tu? Akanitumia na picha za kurasa zenyewe.

Mdogo wangu, pole na barabara, na pole zaidi na hiyo pampleti. Nimeisoma yote juzi usiku na chai yangu na nakuambia ukweli, shida si kichwa chako. Aliyeiandika amepanga watu kama magunia ya mahindi pale mpakani, yote saizi moja, gunia la Napoleon na gunia la mtu aliyekuwa waziri miezi mitatu yanalingana, sasa kichwa gani kitashika hivyo? Mimi mwenyewe nilivyoanza kufundisha nilikuwa naandika ubaoni sababu 20 za mapinduzi ya Ufaransa, watoto wanaziimba kama kwaya, mtihani ukija wanamwaga zote 20 na swali hawajaligusa.

Wewe ni mtu wa boda basi tuongee kiboda. Kutoka Busia mpaka Jinja kuna vibao vingi vya kilomita lakini kona zenyewe ni chache, na unazijua zote hata gizani kwa sababu pale ilibidi ufanye kitu, ushike breki ama uumie. Tarehe ni vibao. Kona ni kitu kingine. Ukifika kwenye tukio lolote usiulize lini kwanza, uliza nani alikuwa amekwama, halafu nani pale alikuwa na nafasi ya kufanya tofauti na alivyofanya, halafu kitu gani baada ya hapo hakikurudi tena. Kama huwezi kujibu hilo la mwisho basi hicho ni kibao tu, soma upite.

Tuanze Ufaransa 1789 maana ndipo pampleti inapoanza. Nani amekwama? Mfalme. Mwaka 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali yake ilikuwa inaenda kulipa madeni, na deni kubwa lilitokana na kuwasaidia Wamarekani kupigana na Mwingereza, yaani Ufaransa ilikopa ili kumkomoa jirani halafu jirani akabaki mzima na yeye akabaki na bili. Kodi inalipwa na mkulima, wakuu na makasisi hawataki kuguswa. Ikabidi Louis XVI aite lile baraza la Estates General, likakaa Mei 5, 1789, na mara ya mwisho kukaa lilikuwa mwaka 1614. Piga hesabu, ni miaka 175. Serikali haiamki tu asubuhi ikaita kikao kilicholala miaka 175, ukiona hivyo jua sanduku limekauka. Juu ya hapo mvua ya mawe ya Julai 1788 ilikuwa imeharibu mazao, baridi ikafuata, kibarua wa Paris zaidi ya nusu ya mshahara inaishia kwenye mkate. Hii ndiyo picha unayotakiwa kuwa nayo, si sababu 20. Na ile ngome ya Bastille iliyovamiwa Paris Julai 14 ilikuwa na wafungwa 7 tu ndani, watu walikuwa wanatafuta baruti, si kuokoa maelfu ya wafungwa kama pampleti inavyosema.

Sasa Napoleon alikuwa wapi siku hiyo? Alikuwa na miaka 19, luteni mdogo wa mizinga, hakuna anayemjua. Kamata hilo maana ni siri ambayo itakusaidia kwenye nusu ya majina yako 64: majina makubwa mara nyingi hayafungui mlango, yanaukuta umeshavunjwa na watu wenye njaa halafu yenyewe ndiyo yanaingia na kukaa kwenye kiti. Napoleon alichukua madaraka Novemba 1799, miaka kumi baadaye. Kwa hiyo ukiulizwa kama Napoleon alikuwa mtoto wa mapinduzi usianze na vita vyake, anza na umri wake 1789, halafu useme alibakisha nini cha mapinduzi na alitupa nini, sheria moja kwa wote alibakisha, uhuru wa magazeti alitupa, na utumwa makoloni ambao mapinduzi yaliufuta 1794 yeye aliurudisha 1802.

Hapo hapo kwenye utumwa ndipo ninapogombana na pampleti yako. Haiti imepewa mstari mmoja! Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo ndilo Haiti ya leo, waliinuka Agosti 1791, Toussaint Louverture akawaongoza, Napoleon akatuma jeshi, akamkamata Toussaint na kumfungia mlimani Ufaransa mpaka akafa 1803, lakini jeshi lenyewe likamalizwa na vita na homa ya manjano na Januari 1, 1804 Haiti ikawa huru. Watumwa walioshinda jeshi la Ulaya na kuunda nchi yao. Hiyo ni kona, tena kali. Halafu sikiliza bili yake: mwaka 1825 Ufaransa ilileta manowari na kuidai Haiti faranga milioni 150 kama fidia kwa waliokuwa wamiliki wa watumwa, baadaye zikapunguzwa kuwa milioni 90, na mikopo iliyotokana na deni hilo Haiti ilikuja kumaliza kulipa 1947. Alama utazipata hapa maana wenzako 100 wataandika Bastille na wewe utaandika Bastille na Haiti.

Metternich na Bismarck nakupa haraka. Metternich ni wa Austria, kazi yake baada ya mkutano wa Vienna 1815, ule wa kuipanga upya Ulaya baada ya Napoleon, ilikuwa kuzuia, asitokee mtu kuunganisha Ujerumani wala Italia, akakimbia Machi 1848 mapinduzi yalipomfikia. Bismarck ni wa Prussia, kazi yake ilikuwa kuunganisha, vita vitatu kati ya 1864 na 1871 na Ujerumani ikatangazwa Januari 18, 1871 ndani ya Ukumbi wa Vioo pale Versailles. Bismarck alizaliwa Aprili 1815, mwaka ule ule mkutano wa Vienna ulipomalizika, yaani mmoja anafunga duka na aliyekuja kulivunja ndio kwanza yuko kwenye nepi. Hutawachanganya tena. Na huyo Bismarck ndiye aliyewakaribisha wale waliokaa Berlin 1884 na 1885 kupanga namna ya kutugawana, kwa hiyo Waafrika hawako ukurasa wa mwisho, wako mle katikati, pampleti tu imewaficha.

Urusi sasa. Februari na Machi zote ni sahihi, usichekwe na mtu. Warusi walikuwa bado na kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma siku 13. Mapinduzi yao ya Februari kwa kalenda yetu yalianza Machi 8, 1917, na yale ya Oktoba yalitokea Novemba 7. Ukiandika kwenye mtihani taja kalenda unayotumia, imeisha.

Lakini angalia hiyo Machi 8. Ni siku ya wanawake. Wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo Petrograd, mji mkuu wa wakati ule, walitoka barabarani kudai mkate, vita imekula kila kitu, foleni za mkate ni za masaa kwenye baridi ile. Kesho yake watu wakawa wengi zaidi. Mfalme Nicholas yuko mbali kwenye makao ya jeshi, akatuma amri fujo zizimwe, na tarehe 12 askari wa mji wenyewe wakageuka wakajiunga na watu. Tarehe 15 mfalme akaachia kiti, familia iliyotawala miaka zaidi ya 300 imekwisha ndani ya wiki moja. Na Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki waliokuja kuchukua nchi Novemba? Alikuwa Zurich Uswisi, na Januari mwaka huo huo alikuwa ameshawaambia vijana kwenye mkutano kwamba watu wa rika lake huenda wasiishi kuyaona mapinduzi yajayo. Alikuwa na miaka 46 tu! Wajerumani ndio wakampitisha kwa treni kwenye nchi yao ili akamvuruge adui yao, akafika Petrograd Aprili 16.

Kwa hiyo Lenin hakuleta Machi. Lakini hapa usiteleze ukaniandikia kwamba watu hawana maana ni njaa tu inafanya kazi. Mwezi Oktoba, ilipokuja hoja ya kunyakua serikali, wenzake wengi waliogopa, Zinoviev na Kamenev wakapinga waziwazi, Lenin akasukuma mpaka kura zikapita. Mimi naamini bila yeye Machi ingekuja tu ila Novemba isingekuja, ama ingekuja na sura nyingine. Mtahini anataka umuone Lenin hapo, kwenye ile kura. Lile sanamu mwachie.

Mfano bora zaidi wa uamuzi ni Hitler, na huyu nataka ukae naye kwa sababu watu wengi wanafikiri alishinda uchaguzi akachukua nchi. Tazama kura za chama chake: 1928 asilimia 2.6, 1930 asilimia 18.3, Julai 1932 asilimia 37.3. Katikati hapo nini kilitokea? Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, mikopo ya Marekani iliyokuwa inaishikilia Ujerumani ikaondoka, na mwanzoni mwa 1932 watu milioni 6 hawana kazi. Hiyo ndiyo njaa. Lakini Novemba 1932 kura zake zikashuka mpaka 33.1, alikuwa anateremka bwana, na chama kimeishiwa pesa. Hapo ndipo Papen, kansela wa zamani, na wazee wenzake wakamshawishi rais Hindenburg ampe ukansela, yaani kuongoza serikali, Januari 30, 1933, wakidhani watamweka mfukoni wamtumie wamtupe. Miezi 6 baadaye vyama vyote vingine vimefutwa. Kwa hiyo swali likija la sababu za Hitler kuchukua nchi, mkataba wa Versailles, ule ulioibana Ujerumani baada ya vita ya kwanza ya dunia, utaje ndio, ila alama ziko kwenye hiyo Januari, watu wachache kwenye chumba waliokuwa na nafasi ya kusema hapana.

Vita yenyewe ya pili utaisoma, miaka sita hiyo pampleti imeieleza vizuri kiasi, sitakuchosha. Naongeza mambo mawili tu ya kwetu. Urani nyingi iliyotumika kutengeneza mabomu yaliyoangukia Hiroshima na Nagasaki Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, hapa Congo jirani. Na vijana wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria, Mganda, Mkamba, Myao na Mnyasa wanaelewana kwa Kiswahili cha jeshi, hiki hiki ambacho watu wa Kampala wanakiita cha askari na kukikunjia pua. Ile vita ya kwanza nayo iliacha jina, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi lililobeba mizigo ya wazungu, na wengi hawakurudi.

Sasa nani amekwama 1945? Aliyeshinda! Uingereza ilimaliza vita ikiwa imefilisika, mwaka 1946 ikakopa Marekani dola bilioni 3.75, na deni hilo ilikuja kumaliza kulipa mwisho wa Desemba 2006, mimi nilikuwa nimeshaoa. India ikaondoka Agosti 15, 1947. Hapo Gandhi anaingia, na Gandhi ukimwandika usiandike utakatifu, andika chumvi. Machi 1930 alitembea karibu kilomita 390 mpaka baharini Dandi kuokota chumvi kwa sababu serikali ilikuwa inaitoza kodi na kumzuia mtu kujitengenezea, na chumvi inaliwa na tajiri na maskini, Mhindu na Mwislamu, hakuna kodi nyingine inayogusa kila sufuria namna hiyo. Ukipita Jinja siku una nafasi shuka pale kwenye chanzo cha Nile umwone, kuna sanamu yake, sehemu ya majivu yake yalimwagwa mtoni pale 1948.

Na kutoka hapo nirudi kwenye pampleti yako na mtaa ulikoinunua. Unajua kwamba Nasser Road na Nkrumah Road pale Kampala zinakaa ubavu kwa ubavu? Watu wanaenda kuchapisha kadi za harusi na kalenda (na vitu vingine ambavyo sisemi) hawajiulizi hao ni akina nani. Wewe simama hapo kati uwe na kona nzima mkononi.

Upande wa Nkrumah, aliyekuja kuiongoza Ghana: Februari 28, 1948, Accra, askari wastaafu, wengi walipigana Burma kama wa kwetu, waliandamana kwa amani wakiwa na barua kwa gavana, pensheni na kazi walizoahidiwa hawajaziona. Polisi wakafyatua, watatu wakafa, mji ukawaka. Nkrumah alikuwa amerudi kutoka Uingereza Desemba 1947, ana miezi miwili tu nyumbani. Unaona tena? Mlango umevunjwa na wengine, yeye ndiye aliyejua la kufanya nao, 1951 akashinda uchaguzi akiwa ndani ya jela. Hapa kwetu pia moto ulikuwepo, Buganda 1945 na tena 1949, wakulima wanataka wauze na kuchambua pamba yao wenyewe, ila hatukuwa na mtu mmoja wa kuushika moto ule kwa nchi nzima, na hiyo ni insha nyingine kabisa.

Upande wa Nasser, rais wa Misri: Julai 26, 1956 alitaifisha kampuni ya mfereji wa Suez. Israeli ikaingia na jeshi mwisho wa Oktoba, Uingereza na Ufaransa wakafuata kwa ndege kisha askari mwanzoni mwa Novemba, na kijeshi walikuwa wanaenda vizuri tu. Ila paundi ikaanza kuporomoka, na Eisenhower, rais wa Marekani, ambaye alikuwa amekasirika na yuko kwenye uchaguzi akakataa kuikingia kifua mpaka watoke. Novemba 6 Eden, waziri mkuu wa Uingereza, akasimamisha vita, Januari 1957 akajiuzulu. Hicho ndicho hakikurudi tena, baada ya hapo Uingereza haikuweza kuingia vita kubwa hivyo bila kumtazama Marekani usoni kwanza. Na tahadhari, Ghana ikapata uhuru Machi 6, 1957, miezi minne baadaye, lakini usije ukaandika kwamba Suez ndiyo ilileta uhuru wa Ghana, ile tarehe ilikuwa imeshatangazwa tangu Septemba kabla ya vita. Vitu viwili kufuatana si lazima kimoja kizae kingine. Wanafunzi wangu nimewakata alama nyingi sana hapo.

Nimalizie na 1989 maana umeuliza kama ukuta wa Berlin ulivunjwa na Gorbachev. Gorbachev aliingia kuongoza Muungano wa Kisovieti Machi 1985, mwaka uliofuata bei ya mafuta ikaanguka na mafuta ndiyo yalikuwa yanaleta dola Urusi, sanduku limekauka tena, si unaona. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa kutopeleka vifaru Ulaya mashariki, na wenzake wa zamani walipeleka, Hungary 1956, Czechoslovakia 1968. Lakini ukuta wenyewe jioni ya Novemba 9 ulifunguka kwa kuteleza ulimi. Msemaji wa chama kilichotawala Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, alipewa karatasi ya sheria mpya za kusafiri ambayo hakuisoma vizuri, mwandishi akauliza inaanza lini, akapekuapekua akasema anavyojua yeye ni sasa hivi, mara moja. Watu wakasikia kwenye tivii wakajaa kwenye vizuizi, walinzi hawana amri yoyote, na yapata saa tano na nusu usiku afisa mmoja, Harald Jäger, pale Bornholmer Straße akaona bora afungue. Angeweza kupiga risasi. Ukitaka mtu muhimu ambaye hayumo kwenye majina yako 64 ni huyo, luteni kanali wa getini.

Ila ukiniuliza mimi kona ya 1989 kwa Uganda haikuwa Berlin. Ilikuwa Julai. Ule mkataba wa dunia uliokuwa unagawa kiasi cha kahawa kila nchi iuze na kushikilia bei ulivunjika Julai 1989, bei ikaanguka kama nusu, na sisi zaidi ya asilimia 90 ya tulichouza nje kilikuwa kahawa. Marekani, ambayo miaka ya nyuma iliukubali kwa kuogopa nchi za kahawa zisikimbilie ukomunisti, ilikuwa haina tena hofu hiyo kubwa. Kwa hiyo kabla hata ukuta haujaanguka mzee wa Masaka mwenye ekari mbili alishaulipia. Kila ukiona neno "dunia" kwenye swali jiulize ni dunia ya nani, halafu uweke mfano mmoja wa kwetu, mmoja tu unatosha, ukiweka mitano mtahini ataona unakwepa.

Basi leo usiku usikariri kitu. Chukua kalamu, pitia yale majina 64, ukikuta mtu ambaye huoni alichagua nini piga mstari, mimi nilibaki na 23. Na ukurasa ule wa Sarajevo, wanaposema Gavrilo Princip alinyongwa baada ya kumuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, Juni 28, 1914, futa kabisa kabla hujalala. Alikuwa na miaka 19 na sheria ya Austria ilikataza kumnyonga mtu ambaye hajafika 20, akapewa kifungo cha miaka 20 na kifua kikuu kikamuua gerezani Aprili 1918, vita haijaisha.